Kaimu Meneja wa Kwala

Stendi ya Mlandizi asubuhi ile ilikuwa imefurika watu. Mabasi ya mikoani yalikuwa yakiingia na kutoka, wauza machungwa wakikimbilia madirishani, bodaboda wakigombea abiria mpaka abiria wenyewe wanaona haya. Tunu Jumbe alikuwa amesimama kando ya meza ya mama muuza chai, akisubiri gari la Kibaha. Alivaa gauni la shifoni rangi ya maziwa alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na mtandio wa buluu uliomkaa vizuri kichwani. Mwanamume mmoja mrefu akageuka ghafla na kikombe mkononi, akamgonga bega, na chai yote ikamwagikia Tunu kifuani.

"Dada yangu, nisamehe," alisema yule mwanamume, uso umemshuka. "Ya moto?"

"Ya vuguvugu. Ila mimi nakwenda kukaa meza kuu."

"Meza kuu ya nini?"

"Semina, Kibaha. Na muda wa kurudi nyumbani kubadilisha sina."

Mwanamume alilitazama doa, akatazama nguo zake mwenyewe, kisha akavua koti la suti ya kijivu. "Vaa hili, ufunge vifungo vyote."

"Kaka, sikujui."

"Naitwa Husseini Mwinyijuma. Kwetu Kisarawe mjini. Mama yangu yu hai, anaitwa Bi Mwanaamina, ukimuulizia mtaani hata mtoto atakupeleka. Sasa unanijua."

Tunu alicheka bila kutaka. Walipeana namba za simu, Tunu akalivaa lile koti, akapanda gari. Njia nzima lilimnukia udi na pasi.

Ukumbini Kibaha watu walimsifia mshono. Mkurugenzi wa kiwanda alichofanyia kazi, Bwana Sospeter, alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye viti vya mbele walikokaa wanunuzi kutoka nje ya nchi. "Huyu ndiye meneja wa kiwanda chetu cha Kwala," alisema kwa sauti pana. "Kwetu sisi, wanawake tunawapa uongozi kwa vitendo." Kamera zikammulika Tunu kutoka kila upande.

Mtoa mada, mama mmoja mwenye miwani, alieleza kwamba duniani kote, ukikusanya mameneja wote pamoja, wanawake hawafiki theluthi. Tunu alipiga makofi pamoja na wenzake. Moyoni alikuwa akifikiria neno moja ambalo bosi wake alikuwa amelisahau kwa makusudi. Yeye hakuwa meneja. Alikuwa kaimu. Tangu meneja wa zamani aondoke, masika mawili yalikuwa yameshapita, na yeye ndiye aliyekuwa akikiendesha kiwanda kile cha mifuko, kuanzia uzi mpaka lori linalobeba mzigo. Kila alipouliza barua yake ya cheo, alijibiwa avumilie, inakuja. Kuhama nako kulikuwa kugumu. Ujuzi wake wote ulikuwa kwenye mashine za kufuma mifuko, na kwa mashine hizo ukanda ule hakukuwa na kiwanda kingine.

Jioni simu iliita.

"Habari ya koti?"

"Koti limepigwa picha nyingi kuliko mimi."

"Kwani wewe ni nani huko kazini mpaka upigwe picha?"

Neno kaimu lilifika kwenye meno ya Tunu, akalimeza. "Mimi ni meneja wa kiwanda."

"Aisee. Kumbe nimemmwagia meneja chai. Nitalipa faini gani?"

"Tutaona," alisema Tunu, na akajishika anatabasamu peke yake chumbani kama mwehu.

Ndivyo walivyoanza. Husseini alikuwa injinia kwenye kiwanda kimoja Dar es Salaam, anakwenda na kurudi Kisarawe kila siku. Alikuwa mtu wa maneno laini na viatu visivyo na vumbi. Jumamosi alikuja Mlandizi wakala kuku wa kuchoma, Jumapili Tunu akapanda Kisarawe, ambako upepo wa vilimani ulimtoa joto la mashine mwilini. Husseini alimwita laazizi, naye Tunu akalihifadhi jina lake kwenye simu hivyohivyo. Wakiwa mbali waliongea mpaka simu zinapata moto.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nasubiri meneja aniruhusu."

"Ruhusa imetoka. Nenda kale."

Bi Mwanaamina alimpokea kwa mikono miwili. Tunu alipopiga goti na kusema shikamoo, mama yule aliitikia marahaba huku akimwinua, akamwonyesha nyumba chumba kwa chumba. Kimoja kilikuwa kimepakwa rangi mpya ya waridi.

"Hiki chenu," alisema. "Ukija hapa, mwanangu, hutahangaika tena na vumbi la Kwala. Utapumzika. Mwanamke aliyefanya kazi kama wewe anastahili kupumzika."

Alisema kwa mapenzi, na Tunu akashukuru kwa mapenzi. Lakini alipotoka chumbani humo alijikuta anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa amefungiwa stoo.

Wiki chache baadaye Husseini akaanza kuwa na siri. "Nina jambo zuri," alisema kwenye simu. "Sikwambii mpaka litimie."

"Nidokeze basi."

"Nikikudokeza utalala? Subiri tu, mrembo wangu."

Jumatatu iliyofuata Bwana Sospeter alimwita Tunu ofisini. Laurentia, afisa utumishi, hakuwepo, kiti chake kilikuwa wazi. Nje malori ya makontena ya bandari kavu yalikuwa yakipita moja baada ya jingine, na madirisha yakitetemeka.

"Tunu, leo ni siku yako," alisema Sospeter. "Bodi imekupandisha. Kuanzia sasa wewe ni Mratibu wa Masuala ya Wanawake na Mawasiliano. Utaingia vikao vyote vya menejimenti."

Tunu alisubiri sehemu iliyobaki. Haikuja. "Na kiwanda?"

"Kiwanda tumempata mtu, injinia mzuri. Utamwelekeza miezi ya mwanzo, si unakijua chote?"

"Kama nakijua chote, bosi, kwa nini nisipewe mimi?"

Sospeter alimtazama kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kweli, ndiyo maana ulimkaba. "Mwanangu, meneja ni mtu wa kuitwa wakati wowote. Wewe hujaolewa. Kesho utaolewa, keshokutwa uzazi. Sisi tunakulinda. Tena kwenye ripoti yetu bado utahesabika ni menejimenti, hupotezi kitu."

Kabla Tunu hajajibu, mlango ulifunguliwa. Laurentia aliingia, na nyuma yake mgeni wa shati jeupe lililonyooka, uso umejaa kicheko cha mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

Alikuwa Husseini.

"Nilitaka nikushtue," alimnong'oneza alipompa mkono. Mkono wa Tunu ulikuwa baridi kama bomba. Kicheko cha Husseini kikafa pale pale.

Walikutana nyuma ya godauni, kelele za mashine zikiwafunika.

"Ulijua," alisema Tunu.

"Nilijua nini? Niliambiwa aliyepo anapanda cheo. Nikajua ni wewe, nikafurahi. Nikasema tutafanya kazi jengo moja, nitakuona kila siku."

"Nimepanda wapi, Husseini? Wameniweka juu ya kabati."

"Tunu, uliniambia wewe ni meneja."

"Kwa kazi nilikuwa meneja. Kwa barua nilikuwa kaimu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Swali hilo lilimuuma kuliko tusi, kwa sababu lilikuwa la haki. Aliondoka. Kwenye simu alilifuta jina la Laazizi, akaandika Meneja Mpya.

Basi ikabidi amfundishe. Kila asubuhi walipita pamoja kati ya mistari ya mashine, yeye akieleza, Husseini akiandika. Kama Husseini angekuwa mjivuni au mvivu ingekuwa nafuu, angemchukia akapumua. Lakini alikuwa anasikiliza. Alisema tafadhali. Akikosea alisema nimekosea, mbele ya wafanyakazi. Mafundi walipomfuata na tatizo aliwaambia, "Tumuulize Madam Tunu," mpaka Sospeter akamwita na kumwambia aache, anashusha hadhi ya kiti. Jioni simu ya Tunu iliita na kuita, Meneja Mpya, Meneja Mpya, naye akiitazama ikicheza juu ya kitanda.

Ilichukua muda mrefu, lakini jioni moja akapokea.

"Nimechoka kukukasirikia," alisema.

"Na mimi nimechoka kukasirikiwa na mtu ninayempenda bila kujua nimemkosea wapi."

"Hujanikosea. Ndiyo shida yenyewe."

"Nikuoe, Tunu. Haya mengine tutayatatua tukiwa ndani ya nyumba moja."

Tunu aliomba muda wa kufikiri. Kesho yake Laurentia alimwita, akafunga mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, anayeongea taratibu.

"Mdogo wangu, nimesikia habari zako na injinia. Sikukatazi. Ila nikujulishe kanuni. Wanandoa hawaruhusiwi mmoja kuwa chini ya mwingine. Mkifunga ndoa, mmoja wenu anaondoka."

"Nani?"

Laurentia alimtazama kama aliyeulizwa jua linachomoza upande gani.

"Dada Laurentia, nakuuliza. Nani anaondoka?"

"Huko nilikotoka nilikuwa nakaribia kuwa mkuu wa fedha," alisema Laurentia polepole. "Nikaolewa na mtu wa hapohapo kazini. Niliondoka mimi. Hakuna aliyenifukuza. Waliniaga kwa keki." Alikunja karatasi iliyokuwa mezani, akaikunjua tena. "Ilikuwa keki nzuri."

Tunu alitoka akaenda kusimama kati ya mashine, mahali pekee ambapo mtu angeweza kulia na asisikike. Herieth, fundi mkongwe wa mashine za kufuma, alimwona akamgeuzia mgongo kwa heshima, akajifanya anapangusa mafuta. Tunu alihesabu milango yake. Akikubali posa, kazi inakwenda. Akikataa posa, Husseini anakwenda, na kazi yenyewe imeshakwenda. Akikaa kimya, ataendelea kupigwa picha.

Kisha wageni wakaja. Wale wanunuzi wa ng'ambo walitaka kuona kiwanda kabla ya kutia saini oda kubwa, na walimkumbuka yule meneja mwanamke wa Kibaha. Sospeter aliwaita Tunu na Husseini pamoja.

"Kwa siku moja tu," alisema. "Tunu avae kofia nyeupe ya meneja, awazungushe. Injinia, wewe utakaa godauni kule nyuma mpaka waondoke."

Tunu alimtazama Husseini. Husseini alitazama sakafu.

"Sawa, bosi," alisema Husseini.

Tunu alivaa kofia nyeupe. Ilimkaa sawasawa, na hilo lilimkera. Aliwaongoza wageni mstari kwa mstari, akaeleza uzi unavyovutwa na mifuko inavyokaguliwa, na kwa muda akasahau kwamba ni maigizo. Alikuwa na furaha. Kisha mama mmoja mwenye mvi, kiongozi wa msafara, akauliza swali kupitia mkalimani.

"Anasema, ukiona mashine ni hatari kwa wafanyakazi, una mamlaka ya kuizima mwenyewe bila kumuuliza mtu?"

Lilikuwa swali dogo. Sospeter alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali.

"Hapana," alisema Tunu.

Mkalimani alisita.

"Mwambie hapana. Meneja wa kiwanda ni Injinia Husseini Mwinyijuma. Yuko godauni, ameambiwa akae huko. Mimi nilikuwa kaimu, sasa ni mratibu. Kiwanda hiki nakijua chote, ila sina mamlaka nacho."

Husseini aliitwa. Alikuja na vumbi la magunia kwenye mabega, mtu wa viatu safi siku zote. Mama mwenye mvi alimuuliza kama ni kweli. Husseini alimtazama Sospeter, akamtazama Tunu, na kimya chake kikawa kirefu mpaka mkalimani akarudia swali.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Na kila ninachokijua humu, amenifundisha yeye."

Wageni waliandika, wakashukuru, wakaondoka. Oda ilikuja, ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Sospeter hakupaza sauti. Hawakumfukuza Tunu, maana wangemfukuza, wageni wangeuliza. Walimwacha palepale kitini, wakamwachia meza na jina la cheo, na hakuna mtu aliyemletea kazi tena. Asubuhi aliingia, akakaa, jioni akatoka. Vikao vya menejimenti vilipoitwa, yeye aliambiwa vimeahirishwa. Simu ya Husseini hakuipokea. Kile kimya chake mbele ya wageni kilikuwa kinamrudia akiwa anakula.

Ijumaa moja baada ya swala Husseini alifika nyumbani kwa Mzee Jumbe, baba yake Tunu, nje kidogo ya Mlandizi, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Alimwamkia mzee, akapewa maji, kisha mzee akasema anakwenda kuangalia mpunga wake, ingawa mpunga ulikuwa umeshavunwa.

"Ulinyamaza," alisema Tunu, akiwa amekaa kwenye mkeka, mikono kwenye magoti.

"Niliogopa. Sitakudanganya. Niliona kazi yangu inaondoka, nikamfikiria mama, na kila kitu. Halafu nikakuona umesimama na ile kofia, nikaona haya." Alivua kofia yake akaishika. "Naacha kazi. Nimeamua. Kiti ni chako."

"Usiache."

"Tunu..."

"Ukiacha hawatanipa mimi. Wataleta mwanamume mwingine, na huyo hatakuwa ananipenda."

Husseini alitaka kucheka, akashindwa, kisha wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

"Sasa tufanyeje, laazizi?"

"Mimi ndiye ninayeondoka," alisema Tunu. "Lakini si kwa keki. Kuna kiwanda kipya cha unga wa mihogo, huko kwenu Kisarawe. Kidogo. Wafanyakazi wake wote wangeenea kwenye godauni letu na nafasi ikabaki. Wanataka meneja. Nilikwenda kwenye usaili."

"Mihogo? Wewe mtu wa mifuko."

"Nitajifunza. Wewe hukujifunza?"

"Walikuuliza nini?"

"Kama kawaida. Nimeolewa? Nitazaa lini? Nikawaambia nina mchumba, na nikipata mimba watajua mapema, na mashine nitaziacha na mtu anayezijua. Wakafunga mafaili. Nikajua nimeikosa. Jana wamenipigia, kazi ni yangu."

Husseini aliinua uso. "Una mchumba?"

"Sijui. Ninaye?"

Alisogea mpaka ukingoni mwa mkeka. "Unaye. Anatembea na vumbi la magunia mabegani, lakini unaye."

"Basi asikilize. Mshahara ni mdogo kuliko wa Kwala, na sijui kama nitaweza. Nikishindwa, nisiambiwe nipumzike kwenye chumba cha waridi. Nikisema nimechoka, niulizwe nimechokaje."

"Nitakuuliza."

"Na mama?"

"Mama nitaongea naye mimi," alisema Husseini, lakini alisema akitazama kando, na Tunu alijua kwamba hilo lilikuwa zito kwake kuliko yote.

Kuondoka nako kulikuwa na mlango wake. Mfanyakazi asiposainiwa karatasi ya kutoka na meneja wa kiwanda, hatoki na haki zake. Siku ya mwisho Tunu aliipeleka karatasi ile katika ofisi aliyokaa kwa masika mawili, akasimama mbele ya meza kama wageni wanavyosimama. Husseini alishika kalamu, akakaa nayo.

"Saini, Injinia."

"Nikisaini natoa mtu bora humu ndani."

"Ndiyo. Saini."

Alisaini. Saini ikatoka kama ya mtoto. Tunu alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akachukua karatasi, akatoka. Laurentia alikuwa amesimama koridoni. Alimshika bega, akaubana mkono wake pale kwa muda kabla ya kumwachia.

Alikuwa amefika katikati ya uwanja, jua limesimama juu ya mabati, simu ilipoita.

"Umefika wapi?"

"Naelekea getini. Rudi kazini, Husseini."

"Posa ije lini?"

"Ije Ijumaa. Mama ameshaambiwa kwamba mkwewe anafanya kazi?"

"Ameambiwa."

"Alisemaje?"

"Alifagia uwanja kutwa nzima. Jioni akaniuliza kiwanda chenu kinanunua mihogo kwa bei gani, maana na yeye ana shamba."

Tunu alicheka, mlinzi akageuka kumtazama. Wakati huohuo mngurumo wa kiwanda nyuma yake ukabadilika. Aliusikia kabla ya Husseini kusema chochote. Mstari mmoja ulikuwa umesimama.

"Tunu, mashine za mwisho zimezima," sauti ya Husseini ilikuwa na haraka. "Ni nini hiki tena?"

Miguu yake ilikuwa imeshageuka. Alikuwa amepiga hatua kuelekea mlangoni, mkoba ukimning'inia begani, kabla hajakumbuka. Alisimama. Jengo lile lote lilikuwa kama linamvuta kwa jina.

"Muite Herieth," alisema.

"Herieth ni fundi tu, hana cheo."

"Basi mpe. Na ukimpa, usimpe ukaimu."

Alikata simu, akamwonyesha mlinzi karatasi yake, akatoka nje kwenye vumbi la malori kutafuta bodaboda.